Funksheni Isiyo na Jina Utaiitaje? Uhakiki wa lambda ya Python

Ukijifunza Python, kuna siku utakutana na neno lambda. Mara nyingi hukutani nalo kitabuni, unakutana nalo kwenye msimbo wa mtu mwingine. Umeazima mistari mitano ya kupanga data yako, inafanya kazi vizuri tu, lakini katikati yake limekaa neno la Kigiriki ambalo hakuna aliyekuambia linatafuta nini pale. Unaliacha. Kinachofanya kazi usikiguse, si ndivyo tunavyoambiana?

Na mimi niliacha hivyo hivyo, karibu miaka miwili. Halafu likaja kunila sura nzima ya tasnifu yangu ya uzamili. Nitakusimulia mbele kidogo.

Tumezoea kuhakiki riwaya, filamu na muziki. Zana tunazofanyia sayansi tunazipokea tu, kama vile zimeshuka kutoka mbinguni. Lakini lugha ya kuprogramu imetungwa na watu, waliochagua hiki wakaacha kile, na machaguo yao yanaingia mpaka kwenye matokeo yetu. Basi leo tuihakiki lambda kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote: ilitaka kufanya nini, imefaulu wapi, na imetuachia deni gani.

Kwanza, ni kitu gani?

Funksheni ya kawaida katika Python inaanza na def, halafu inapewa jina:

def mara_mbili(x):
    return x * 2

Ukiihitaji, unaiita kwa jina lake: mara_mbili(7), inakurudishia 14. Hebu liangalie hilo neno "unaiita". Kiswahili kimetusaidia sana hapa, maana kitenzi tunachotumia kwa funksheni ndicho kile kile tunachotumia kwa mtoto aliye uani. Ili umwite, lazima awe na jina.

Sasa ione lambda:

lambda x: x * 2

Hakuna def, hakuna return, na jina hakuna. Inapokea x, inarudisha x mara mbili, basi. Inaandikwa pale pale inapohitajika. Ndiyo maana inaitwa funksheni isiyo na jina.

Inahitajika wapi? Mfano unaopendwa kuliko yote ni kupanga orodha. Tuseme tuna bidhaa na bei zake (bei za kubuni, usije kunidai dukani):

bidhaa = [("mchele", 3200), ("maharage", 2800), ("sukari", 3000)]
bidhaa.sort(key=lambda b: b[1])

Bila hiyo key, Python ingepanga kwa alfabeti ya majina. Sisi tunataka kwa bei. Kwa hiyo tunaikabidhi kazi ndogo: ukipewa bidhaa, tazama kitu chake cha pili. (Python inahesabu kuanzia sifuri, ndiyo maana cha pili ni b[1].) Orodha inatoka maharage, sukari, mchele. Kazi imeisha, lambda imeondoka, hakuna anayeikumbuka.

Mimi huwa naifananisha na kibarua wa siku. Gari la mizigo limefika, unamwita mtu aliyesimama getini, anashusha magunia, unamlipa, anaenda zake. Hukumwandika kwenye daftari la wafanyakazi, na hakukuwa na haja. Shida inaanza pale yule kibarua anapofanya kazi miezi sita, anashika funguo za stoo, na siku kitu kikipotea unagundua hakuna mahali popote ulipoandika yeye ni nani.

Ilitoka wapi?

Neno lenyewe lina umri mkubwa kuliko kompyuta unazozijua. Mwanahisabati Alonzo Church wa Princeton, Marekani, alilitumia miaka ya 1930 katika mfumo wake wa kuandika funksheni na kuzitumia. Hakuwa na mashine. Alikuwa anatafuta maana halisi ya "kukokotoleka", na mwaka 1936 alionyesha kwamba kuna maswali ya mantiki ambayo hakuna utaratibu wa hesabu unaoweza kuyajibu yote. Mwaka huo huo Alan Turing alifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine, kisha akaenda kusoma shahada ya uzamivu chini ya Church huyo huyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 John McCarthy aliichukua alama hiyo akaiingiza kwenye lugha yake ya Lisp. Katika Lisp, lambda ipo kwenye moyo wa lugha. Unaweza kujenga nyumba nzima kwa hiyo.

Python ni habari nyingine. Guido van Rossum, aliyeitunga, ameeleza kwamba lambda, map, filter na reduce ziliingia kwa sababu mpenzi mmoja wa Lisp alizikosa, akaziandika mwenyewe, akazituma zikiwa tayari zinafanya kazi. Zikawemo kwenye toleo la 1.0 la mwaka 1994. Yaani lambda ni mgeni aliyekuja na mkoba wake, akakaribishwa, akakaa. Mwenye nyumba mwenyewe hakumzoea kamwe: mwaka 2005, wakati Python 3 inaandaliwa, Guido aliandika hadharani kwamba angependa zote nne ziondolewe. Watumiaji wakapiga kelele. Toleo la 3.0 lilipotoka Desemba 2008, reduce ilikuwa imehamishiwa kwenye moduli ya functools, na lambda imebaki pale pale.

Nakuambia historia hii kwa sababu inaeleza umbo lake. Lambda ya Python imefungwa kamba makusudi. Ndani yake unaruhusiwa usemi mmoja tu. Huwezi kuweka for ya kawaida, huwezi kuweka try, huwezi kuandika mistari mitatu. Katika JavaScript funksheni isiyo na jina inaweza kuwa na mwili mrefu upendavyo. Python inakataa, na sababu kubwa ni kwamba lugha hii inapanga mawazo yake kwa nafasi za mwanzo wa mstari, na kuingiza kizuizi kizima cha mistari katikati ya usemi kungeharibu mpangilio huo.

Wengi wanalalamikia kamba hiyo. Mimi naisifu. Ni kama kipimo cha mfuko: kikishajaa unajua umefika mwisho. Ukiona kazi yako haiingii kwenye lambda, lugha inakuambia kwa upole, "Ndugu, hii sasa imekuwa kazi ya kuajiriwa. Ipe jina." Huo ni usanifu mzuri.

Kilichonipata

Tasnifu yangu ilihusu mvua kubwa. Nilikuwa na data za kila siku za vituo kadhaa vya hali ya hewa, vingine vya bara kama Dodoma, vingine vya pwani. Swali lilikuwa: je, siku za mvua kubwa zimeongezeka au zimepungua?

Huwezi kutumia kiwango kimoja cha "mvua kubwa" kwa nchi nzima. Mvua ambayo Dodoma ingesimamisha shughuli, pwani wanafungua mwavuli tu. Kwa hiyo wataalamu hutumia kizingiti cha kila kituo. Unachukua miaka ya msingi, mimi nilichukua 1981 hadi 2010, unatazama siku zilizonyesha, halafu unatafuta kiwango ambacho siku 95 kati ya kila 100 ziko chini yake. Zinazokivuka ndizo siku za mvua kubwa. Kisha unaenda kwenye miaka ya baadaye unahesabu: je, bado ni asilimia 5, au zimezidi, au zimepungua?

Nikaandika hivi:

vipimo = {}
for kituo in vituo:
    kizingiti = kokotoa_kizingiti(data[kituo])
    vipimo[kituo] = lambda mvua: mvua > kizingiti

Isome taratibu. Kwa kila kituo, kokotoa kizingiti chake, halafu tengeneza kipimo kidogo kinachosema kama mvua fulani imevuka kizingiti hicho. Safi kabisa, au siyo? Mistari minne. Nilijisikia mtaalamu.

Matokeo yakatoka: kituo cha mwisho kwenye orodha yangu, cha pwani, kilikuwa karibu na asilimia 5 yake. Vituo vingine vyote vilikuwa chini, na Dodoma chini kabisa. Nikaandika kurasa nne kwamba mvua kubwa zimepungua bara na kubaki kama zilivyo pwani. Nikatafuta na sababu. Unajua ukishapata tokeo, sababu hazikosekani! Nikamtumia msimamizi wangu, akasema inavutia, tuiangalie vizuri.

Wiki mbili kabla ya kukusanya, mwenzangu mmoja wa maabara akaniuliza swali dogo tu: "Hivi hivyo vipimo vyako ukivirudisha kwenye miaka ile ile ya msingi, kila kituo kinakupa asilimia tano?"

Jibu lilipaswa kuwa ndiyo, bila mjadala. Kizingiti kimetengenezwa kutoka kwenye miaka hiyo, kwa hiyo kwa maana yake lazima asilimia 5 zikivuke. Nikajaribu. Kituo cha mwisho: 5. Vingine vyote: pungufu.

Nikaprinti vizingiti ndani ya lupu. Vyote sahihi. Nikarudia data. Sahihi. Usiku ukaenda. Mwisho nikaamua kuvijaribu vipimo vyenyewe, kimoja kimoja. Nikachukua kile cha Dodoma nikakipa namba kubwa kidogo kuliko kizingiti cha Dodoma. Kikajibu False. Nikashika kichwa.

Kumbe vipimo vyote vilikuwa vinatumia kizingiti kimoja: cha kituo cha mwisho. Na kwa bahati mbaya ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

Kwa nini hivyo?

Jaribu mwenyewe, inachukua nusu dakika:

vipimo = []
for kiwango in [10, 20, 50]:
    vipimo.append(lambda mvua: mvua > kiwango)

for kipimo in vipimo:
    print(kipimo(30))

Unatarajia True, True, False, kwa sababu 30 inazidi 10 na 20 lakini haifiki 50. Utapata False mara tatu.

Fikiria umewatuma watoto watatu dukani. Badala ya kumwambia kila mmoja kiasi cha kununua, umewaambia: "Ukifika dukani, nipigie, nitakusomea kilichoandikwa ubaoni." Wa kwanza anatoka, ubaoni umeandika 10. Wa pili anatoka, umefuta umeandika 20. Wa tatu, 50. Wote wanafika dukani baadaye, wanapiga simu, unasoma ubao: 50, 50, 50. Hakuna mtoto aliyekosea. Hakuna aliyebeba namba mfukoni, walichobeba ni njia ya kuuliza.

Ndivyo Python inavyofanya. Funksheni iliyotengenezwa ndani ya lupu haibebi thamani ya kiwango. Inabeba kumbukumbu ya kigeu kiitwacho kiwango, na inakwenda kukisoma siku ikiitwa. Nilipoprinti ndani ya lupu niliona namba sahihi kwa sababu muda ule ubao ulikuwa bado haujafutwa.

Je, kosa ni la lambda kweli?

Hapa inabidi tuwe waungwana, maana uhakiki wa kisasi haumfundishi mtu.

Ningeandika def ndani ya lupu ile ile, ningepata kosa lile lile. Tabia hii ni ya funksheni zote za Python, zenye jina na zisizo na jina. Na si kosa kwa maana ya hitilafu. Ni uamuzi, wenye mantiki yake, na kuna mahali unaufurahia.

Lakini lugha nyingine zilitazama uamuzi kama huu zikaona watu wanaumia, zikaubadilisha. C# ilibadilisha foreach katika toleo la 5, mwaka 2012. JavaScript ilileta let mwaka 2015, na ukiitumia kwenye for kila mzunguko unapata kigeu chake kipya. Go ilibadilisha maana ya lupu zake katika toleo la 1.22, Februari 2024, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi. Kubadilisha maana ya lupu kwenye lugha yenye mamilioni ya mistari duniani si jambo dogo. Waliolifanya waliona watumiaji kuumia kila siku ni ghali zaidi. Python imebaki ilivyo, na inatuachia ujanja huu:

lambda mvua, kiwango=kiwango: mvua > kiwango

Unaipa thamani ya kuanzia, na thamani ya kuanzia inasomwa pale funksheni inapotengenezwa. Hapo sasa mtoto anaondoka na namba mfukoni. Inafanya kazi, lakini iangalie: kiwango=kiwango. Mtu asiyejua habari hii ataona ni upuuzi ataufuta, akidhani anasafisha. Ujanja wenyewe ni wa zamani, wakati funksheni za ndani za Python zilikuwa haziwezi kabisa kuona vigeu vya funksheni iliyozizunguka. Uwezo huo ulikuja na toleo la 2.1 mwaka 2001, kwa kuuomba, ukawa wa kawaida katika 2.2. Tumeondokewa na ugonjwa, dawa tumeendelea kuinywa kwa ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo lambda haina hatia ya kutengeneza shimo. Naishitaki kwa jambo lingine: inakuvuta ulifikie shimo ukiwa unapiga mluzi. Ufupi wake unakualika uiandike katikati ya lupu, pale pale. Na kukosa jina kunakunyima mambo matatu ambayo mtafiti anayahitaji sana.

La kwanza ni kuambiwa nani kakosea. Python ikikwama inakuonyesha orodha ya funksheni zilizohusika. Zile za def zinaandikwa kwa majina. Za lambda zote, ziwe tano au mia, zinaandikwa <lambda>. Ni kama ripoti ya ajali inayosema "dereva alikuwa mtu". Tuseme ukweli, toleo la 3.11 la mwaka 2022 limepunguza machungu kwa kukuonyesha alama chini ya kipande cha mstari kilicholeta shida. Limepunguza, halijamaliza.

La pili ni kusafiri. Ukiwa na data nyingi utataka kugawa kazi kwa chembe kadhaa za prosesa kwa moduli ya multiprocessing. Ili kuituma funksheni kwenye mchakato mwingine, Python hutumia pickle, na pickle ina siri moja nzuri: haitumi msimbo wa funksheni. Inatuma jina lake na moduli iliyomo, na upande wa pili unaitafuta kwa jina hilo. Lambda haina jina la kutafutwa, kwa hiyo inakataliwa. Wengi huona hitilafu hiyo wakadhani kompyuta imechanganyikiwa. Kompyuta imeuliza swali la haki tu: "Nikifika kule, nimuulizie nani?"

La tatu ndilo lililoniumiza mimi: kujaribiwa. Kitu chenye jina unaweza kukiita peke yake, nje ya kelele zote, ukakipa namba unayojua jibu lake. Kitu kisicho na jina hata wazo la kukijaribu halikujii. Miezi yote ile sikuwahi kuuliza "je, kipimo cha Dodoma kinafanya kazi?" kwa sababu kwenye kichwa changu hakikuwepo. Kulikuwa na mstari tu.

Tunavyofundishana

Sehemu ya lawama naiondoa kwa lugha naileta kwetu, tunaofundisha na kufundishana. Masomo mengi ya Python kwa wanaoanza yanaitambulisha lambda hivi:

jumla = lambda a, b: a + b

Ni mfano mbaya. Umechukua funksheni isiyo na jina, halafu jambo la kwanza ukaipa jina! PEP 8, mwongozo rasmi wa mtindo wa Python, unasema wazi kwamba ukitaka kufanya hivyo tumia def. Na hata kwa kuihifadhi kwenye jumla, ikikwama bado itajiita <lambda>. Umepata hasara zote mbili, faida hakuna.

Halafu kuna ile heshima ya bure. Mtu akiandika lambda tatu zilizoingiliana kwenye mstari mmoja tunasema huyu anajua. Kwenye uchambuzi wa data imekuwa kama sare ya shule: kila safu ya jedwali inapelekwa kwenye apply na lambda yake, hata pale ambapo kuzidisha safu nzima kwa mara moja kungekuwa kwepesi kusoma na haraka zaidi, maana apply ya namna hiyo inairudia funksheni ya Python thamani kwa thamani. Nyingine tunaziandika kwa mazoea tu. Kwa mfano

list(map(lambda x: x * 2, namba))

inasomeka vizuri zaidi hivi:

[x * 2 for x in namba]

na Python inao uwezo huo tangu toleo la 2.0 la mwaka 2000.

Na jina lenyewe, lambda, halimsaidii anayeanza. Def angalau linatoka kwenye neno lenye maana ya kufafanua. Lambda ni herufi. Mwanafunzi anadhani kuna hisabati ya kutisha nyuma yake, anaogopa kuuliza, anakopi. Hofu hiyo ndiyo inayofanya neno libaki kwenye msimbo wa watu miaka miwili bila kueleweka. Nimesema miaka miwili? Ndiyo, najisema.

Hukumu yangu

Lambda ya Python ni zana ndogo, imetungwa ndogo, na ikitumika kwa udogo wake ni nzuri sana. Kwenye key ya sort, min au max siibadilishi na kitu. Kumwandikia def ya mistari miwili kibarua wa kazi moja ni urasimu.

Nje ya hapo, kanuni yangu sasa ni tatu. Ikitumika mara mbili, ipe jina. Ikigusa kigeu kilicho nje yake, hasa ndani ya lupu, simama. Na ikiwa imebeba uamuzi wa kisayansi, yaani kitu ambacho mtahini anaweza kukuuliza "ulipimaje?", ipe jina hata kama ni herufi kumi. "Mvua kubwa ni ipi" halikuwa jambo dogo la kupita njia, lilikuwa ndilo swali la tasnifu, nami nikalikabidhi kwa mtu wa getini.

Marekebisho yangu ya mwisho wala hayakuhitaji ujanja:

def ni_mvua_kubwa(mvua, kizingiti):
    return mvua > kizingiti

Vizingiti nikavihifadhi kwenye kamusi, kila kituo na chake. Funksheni ni moja, na kila ukiiita unalazimika kusema mbele ya watu unatumia kizingiti kipi. Hakuna ubao. Nikairudisha kwenye miaka ya msingi: asilimia 5 kila kituo, bara na pwani.

Na lile tokeo langu zuri la mvua kubwa kupungua bara? Likayeyuka. Kilichobaki kilikuwa mabadiliko madogo, mengine juu mengine chini, yasiyotosha kudai lolote. Nilifuta kurasa nne, nikaandika moja na nusu. Msimamizi wangu aliposikia alicheka kidogo akasema, "Afadhali umejikamata mwenyewe." Sikujikamata mwenyewe, nilikamatwa na swali la mwenzangu, na jina lake liko kwenye ukurasa wa shukrani.

Najiuliza ingekuwaje asingeuliza. Ile aya ingechapishwa, mtu angeinukuu, mwingine angepanga mifereji ya maji akiamini mvua kubwa za Dodoma zimepungua. Hakuna hitilafu nyekundu ambayo ingetokea kwenye skrini. Msimbo ulikuwa unakimbia vizuri mpaka mwisho.

Kwa hiyo leo kabla hujafunga kompyuta yako, fanya kitu kimoja. Fungua msimbo wa utafiti wako, tafuta neno lambda. Kwa kila moja utakayoikuta, iulize: unafanya kazi gani hapa, na nikikuhitaji nitakuitaje? Zenye jibu ziache. Isiyo na jibu, ipe jina, halafu iite peke yake uipe namba unayojua jibu lake.